Kwa nini mafuta ya shea ya Gulu humiminika, ya Ghana hukatwa kwa kisu?

Mara ya kwanza niliponunua moo yaa, yaani mafuta ya shea, sokoni Gulu, kaskazini mwa Uganda, nilidhani nimeuziwa alizeti. Shea niliyoizoea ni ile ya Ghana, gumu la rangi ya maziwa. Haya yalikuwa kwenye chupa ya maji, ya manjano, yanacheza.

"Mama, hukuchanganya kitu humu?"

Akacheka. "Mwanangu, ngoja asubuhi yenye baridi. Utayakuta yameganda yenyewe."

Yakaganda kweli, ingawa si sana. Mti wa shea ni mmoja lakini una koo mbili: ule wa Afrika Magharibi, na nilotica, unaoota kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Shea zote zina asidi mbili kuu za mafuta, steariki na oleiki. Molekuli ya steariki imenyooka. Ifikirie kama kuni nzuri: ukizifunga mzigo zinalala ubavu kwa ubavu, zinashikana, na mafuta yanaganda. Oleiki imepinda katikati. Jaribu kufunga mzigo wa kuni zilizopinda uone mapengo! Katika nilotica oleiki huzidi nusu ya mafuta yote, ndiyo hiyohiyo iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, na steariki ni kidogo kuliko kwa ndugu yake wa Ghana. Joto la mchana wa Gulu linatosha kuyafanya yamiminike.

Hakuna anayepanda mti kuchuma. Matunda huokotwa chini, yakishaanguka, na wanawake na watoto huwahi alfajiri kabla mbuzi hawajafika. Nyama yake ni laini na tamu, huliwa palepale. Inayotafutwa ni kokwa. Huanikwa, huvunjwa, hukaangwa, hutwangwa na kusagwa, kisha rojo huchemshwa hadi mafuta yaelee, yaenguliwe. Jasho lote hilo kwa chupa chache, ndiyo maana sibishani bei.

Mti wenyewe huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, kwa hiyo watu wengi huokota chini ya miti iliyojiotea na kuachwa mashambani. Ila ukikatwa unatoa pia mkaa mzuri, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini.

Chupa yangu haikukaa. Niliimwagia lapena, mbaazi zilizopondwa, wiki ikaisha nayo ikaisha.