Matunzo ya mtalaka Marekani: Nafuu ya kodi iliyokwisha 2018

Miongoni mwa Waswahili wanaoishi Marekani bado yapo maneno haya: "Usiogope kumlipa mtalaka wako matunzo, utayatoa kwenye kodi." Si kweli tena, na anayesaini makubaliano akiamini hivyo anaumia.

Zamani mlipaji aliondoa fedha hizo kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, na mpokeaji ndiye aliyezilipia. Sheria ya kodi ya 2017 ikafuta utaratibu huo kwa talaka zote zilizokamilishwa baada ya Desemba 31, 2018. Sasa mlipaji hapati nafuu yoyote katika kodi ya shirikisho, wala mpokeaji hadaiwi kitu.

Tuchukue dola 24,000 kwa mwaka. Mlipaji yuko kwenye kiwango cha asilimia 24, mpokeaji asilimia 12. Kwa sheria ya zamani, mlipaji aligharimika dola 18,240 tu, na mpokeaji akabaki na 21,120. Leo mmoja anatoa 24,000 kamili na mwenzake anapokea zote. Ndiyo maana kiasi cha talaka ya 2015 hakifai kunakiliwa hivihivi. Jimbo la Illinois lilibadilisha hata kanuni yake: badala ya mapato ghafi, mahakama hupiga hesabu kwa mapato baada ya kodi.

Wenye talaka za kabla ya 2019 wanaendelea na utaratibu wa zamani. Lakini wakirekebisha makubaliano, wasome kila mstari: kukiandikwa wazi kwamba sheria mpya itatumika, nafuu imekwenda.

Matunzo ya watoto hayakuwahi kupunguza kodi, zamani wala sasa.