Dardanus hajigeuzi rangi

Wiki iliyopita mgeni mwingine tena alisimama kwenye banda langu la wavu, akamwona jike wa kipepeo aitwaye dardanus ametulia juu ya jani la mlimau, akawageukia wanafunzi wake: "Mnaona? Huyu amejibadilisha rangi ili ndege wadhani ana sumu. Ni kama kinyonga." Nikamwambia, "Samahani mwalimu, hapo sivyo." Tukazungumza karibu nusu saa na akaondoka ameelewa nusu. Nimeshaurudia mjadala huo mara nyingi mno, kwa hiyo leo nauandika.

Kipepeo hajigeuzi rangi. Akishatoka kwenye pupa na mabawa yakakauka, rangi aliyo nayo ndiyo atakayokufa nayo. Vigamba vya bawa havibadiliki, hupukutika tu, ndiyo maana kipepeo mzee huonekana amepauka. Hajui anafanana na nani wala hana mpango wowote na ndege.

Dume wa Papilio dardanus hana utata: njano iliyofifia, kingo nyeusi, mkia kwenye kila bawa la nyuma. Mshike hapa Limuru au mshike Afrika Kusini, utamtambua. Jike ndiye aliyewasumbua watu. Sehemu kubwa ya Afrika hana mkia, na ana maumbo zaidi ya kumi. Kuna mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, anayefanana na kipepeo wa spishi nyingine, Amauris niavius. Kuna mweusi mwenye madoa madogo, anayefanana na Amauris echeria. Kuna wa rangi ya chungwa, anayefanana na Danaus chrysippus, yule unayemwona kila siku kando ya barabara. Hao wanaoigwa ni wachungu kweli, kwa sababu viwavi wao hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu. Dardanus hana sumu hiyo. Kiwavi wake hula majani ya jamii ya mlimau, na ukimgusa hutoa kipembe chenye harufu kali nyuma ya kichwa, basi. Hakuumizi, mwache.

Wataalamu wa zamani waliwapa majike hawa majina ya spishi mbalimbali. Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika Kusini, ndiye aliyeonyesha mwaka 1869 kwamba wote ni wake wa dume mmoja wa njano, na wapo waliompinga vikali.

Sasa njoo bandani. Mwezi wa nne nilimfungia humo jike mweusi mwenye mabaka meupe, tayari amepandwa huko msituni. Akataga, nikalea, pupa 21 zikafunguka. Madume 11, wote njano wenye mikia. Majike 10: sita kama mama yao, wanne weusi wenye madoa madogo. Hao wanne walitoa wapi sura ile? Kwa mama haikutoka, maana sura ya mabaka meupe ndiyo dhaifu kuliko zote katika urithi. Jike akiwa nayo, hana nyingine aliyoificha. Ilitoka kwa baba. Dume wa njano anabeba jeni ya sura asiyoivaa kamwe, na anawarithisha binti zake. Mtu akiniambia kipepeo "amejibadilisha", namuuliza: baba alijibadilisha lini?

Cyril Clarke, daktari wa Liverpool, na mwenzake Philip Sheppard ndio waliolifumbua hili, kuanzia miaka ya 1950, kwa kuwapandisha dardanus kwa mkono, jozi moja baada ya nyingine. Walikuta sehemu moja ya kromosomu ndiyo inayoamua jike atavaa nini. Utafiti wa urithi wa vipepeo ndio uliomfikisha Clarke kwenye makundi ya damu ya Rhesus, chanya na hasi, na kundi lake la Liverpool likawa miongoni mwa waliotuletea anti-D, sindano inayozuia mwili wa mama mwenye damu hasi kushambulia damu chanya ya mtoto aliye tumboni. Mama mwenye damu hasi anayechomwa sindano hiyo leo kliniki ana deni dogo kwa vipepeo hawa.

Kinachoniudhi zaidi ni ile picha ya mwigo uliokamilika, kana kwamba kila jike ni nakala safi. Njoo nyanda za juu uone. Ndege hajifunzi kwa kuambiwa. Anajifunza kwa kumla mchungu, akatapika, akakumbuka. Ili akumbuke vizuri, wachungu lazima wawe wengi. Kule Entebbe walikuwa wengi sana, na katika hesabu alizochapisha mwanasayansi Mwingereza E. B. Ford mwaka 1936, majike wa dardanus wenye sura iliyovurugika walikuwa kama wanne tu katika mia. Karibu na Nairobi, ambako wachungu ni wachache, waliovurugika walifika karibu thuluthi moja. Huku baridi, Amauris ni wa kutafuta. Ndege wengi hawajapata somo, kwa hiyo jike mwenye mabaka yaliyofifia, au rangi mbili zilizochanganyika, haliwi zaidi ya dada yake aliye nakala safi. Anaishi, anataga, na mchanganyiko unaendelea. Wanafunzi wakiniletea jike ambaye hayumo kitabuni, huwaambia hawajakosea kumsoma.

Ukienda Madagaska, majike wote wanafanana na madume, mikia na yote. Ethiopia wapo wanaofanana na madume na wapo wanaoiga, lakini hata wanaoiga wamebaki na mikia yao.

Huku kwetu kuna umbo linaloitwa trimeni, kwa heshima ya Trimen: njano iliyopauka kama dume, lakini hana mkia. Haigi mdudu yeyote mchungu. Kwa nini yupo? Maelezo mojawapo ni kwamba jike anayefanana na dume hasumbuliwi sana na madume wanaotaka kumpanda. Na kwa nini dume mwenyewe haigi? Vitabu hujibu haraka kwamba majike humtambua kwa njano yake. Wengine wanasema rangi hiyo ni ya kutambuana madume wanapofukuzana pembezoni mwa msitu. Mimi nimeyaona yote mawili bandani, na bado siridhiki na jibu lolote kati ya hayo. Wanafunzi wakiniuliza, huwaambia suala hili halijafungwa.

Leo asubuhi, kama saa nne, jua lilipochomoza kwenye ukungu, trimeni mmoja alitoka msituni akaja kwenye milimau yangu ya nje ya banda. Bawa la nyuma la kulia limekatwa pembe tatu, alama ya mdomo wa ndege aliyemshika akamponyoka. Akatua kwenye jani changa, akalipigapiga kwa miguu ya mbele kulionja, akapinda tumbo chini ya ukingo, akaacha yai moja la njano, dogo kuliko punje ya mtama. Kisha akahamia mti wa pili.