Je, wajua kwa nini mtu huchorwa mdogo katika picha ya shamba?

Katika maduka ya picha ya Mji Mkongwe, Unguja, pembeni mwa majahazi na milango ya nakshi, hukosi kuiona picha ya shamba la Pemba: bonde la mpunga, minazi ukingoni, kilima cha mikarafuu kwa nyuma, na chini kabisa mwanamke mwenye pakacha kichwani, mdogo kama punje ya choroko. Ukimsogelea, hana macho wala pua. Ni miguso mitatu ya brashi, mmoja mwekundu wa kanga. Udogo huo si uzembe wa mchoraji.

Kwanza, mtu ni kipimo. Mnazi uliochorwa waweza kuwa mchanga au mkongwe, na jicho halina la kushika, lakini kimo cha binadamu kila mtazamaji anakijua. Mnazi wa mita 20 ukichorwa kwa sentimita 25, mtu wa mita 1.6 aliyesimama shinani hupata sentimita 2 tu. Mchoraji akimpa sentimita 6, mnazi ule ule hushuka usifike hata mita 7. Hesabu hii ni ya kale: yapata miaka 1,000 iliyopita, Fan Kuan wa China alichora jabali katika picha yenye kimo cha zaidi ya mita 2, na chini yake akaweka wasafiri na nyumbu wao, wadogo kiasi cha kutafutwa.

Pili, ni rangi. Nyekundu na kijani hukuzana zikikaa pamoja, ndiyo maana John Constable wa Uingereza, katika picha yake ya 1821 ya mkokoteni uliosimama mtoni, alitia wekundu kwenye matandiko ya farasi. Kanga ya mwanamke wetu hufanya kazi hiyo hiyo, na pengine kwa uzuri zaidi.

Utulivu wa picha nao hutoka kwenye udogo huo huo. Uso mkubwa humlazimisha mtazamaji kuuliza huyu ni nani na ana nini, shamba likabaki pazia la nyuma. Mtu mdogo hulipa jicho pa kuanzia, kisha huliachia litembee hadi kilimani. Mfunike mwanamke yule kwa kidole, nawe hutajua tena kama bonde lile huvukwa kwa dakika mbili au kwa saa nzima.