Maji ya Spa yalivyokufa njiani

Ukipika chai kwa maji ya kisima yenye chuma, inatoka nyeusi kama wino. Watu huniletea maji hayo maabara wakihofia sumu. Ni tanini tu ya majani ya chai iliyokutana na chuma. Bila kujua, wamerudia kipimo alichokitumia mwanakemia Robert Boyle, aliyechapisha kijitabu cha kuchunguza maji ya madini mwaka 1685. Yeye hakutumia chai, bali vinundu vya mti wa mwaloni, navyo vina tanini, vile vile vilivyotengenezewa wino. Rangi ikikolea, maji yana chuma. (Kwa asidi kulikuwa na sharubati ya maua ya urujuani, iliyogeuka nyekundu, kwa magadi, kijani.)

Kipimo kilikuwa kizuri, ila kilizua fumbo. Maji ya Spa, mji ulioko Ubelgiji ya leo, yalitiwa kwenye chupa na kuuzwa mbali. Pale chemchemini vinundu viliyageuza rangi mara moja. Chupa isiyozibwa vizuri ikifika mwisho wa safari, rangi haitoki, na chini kuna tope la kutu. Waganga walisema maji yana “roho” inayotoroka. Wengi huwacheka. Mimi siwacheki, maana kweli kuna kitu kilikuwa kinatoroka. Walichokosa ni njia ya kukikamata.

Mwaka 1765 daktari William Brownrigg alikikamata: hewa aliyoitoa kwenye maji ya Spa, akaona inafanana na ile iliyokuwa ikiwaua wachimba makaa ya mawe. Ndiyo tunayoiita leo kabonidayoksaidi. Miaka miwili baadaye mwanasayansi Henry Cavendish alipima maji ya pampu ya Rathbone Place, London, akaonyesha kwamba hewa hiyo ndiyo inayoishikilia chokaa ndani ya maji. Yakichemka hewa huondoka na chokaa huanguka, kama gamba jeupe ndani ya birika. Mwaka 1769 mfamasia Timothy Lane akaonyesha hivyo hivyo kwa chuma.

Kwa hiyo roho ilikuwa ndiyo kiyeyushi. Ikitoka, oksijeni ya hewani hukigeuza chuma kuwa kutu, na kutu haiyeyuki.

Ndiyo maana maji ya kisima hutoka maangavu jioni, asubuhi ndoo imejaa wekundu. Na ndiyo maana nikipewa sampuli kwenye chupa iliyojaa nusu, naomba twende wote kisimani nikapime pale pale.