Je, wajua kwa nini redio ya FM hukatika njiani kati ya Arusha na Moshi?

Mwezi uliopita nilipanda Coaster ya Moshi pale stendi ya Arusha, saa moja kasoro asubuhi. Redio ya gari ilikuwa kwenye taarifa ya habari. Tengeru ikasikika safi, Usa River safi, Kikatiti ikaanza kukwaruza. Tulipokaribia njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mahubiri yakaingia ghafla katikati ya sentensi ya mtangazaji. Sekunde mbili tatu habari ikarudi, ikapotea tena, na baada ya hapo tukabaki na mchungaji peke yake. Mama mmoja siti ya mbele akasema, "Mwanangu, turudishie habari." Dereva akamjibu kwa upole: "Imekata, mama. Huku hawafiki."

Hawafiki. Neno hilo lina mambo mengi ndani yake, na kila anayesafiri barabara ile anastahili kuyajua.

Mtangazaji anapokwambia "tupo hewani masafa ya 100", anakutajia idadi ya mitikisiko. Mtambo wao unatikisa umeme kwenye antena ya mnara mara milioni 100 kila sekunde, ndiyo maana ya megahezi 100. Wimbi linalotoka pale linakwenda kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya mwendo kwa mitikisiko, utapata urefu wa wimbi moja: mita 3. Antena ya kuvuta ya redio ya mezani ina kama sentimita 75, yaani robo ya wimbi hilo. Na kwenye simu yenye redio, waya wa spika za masikioni ndio unaofanya kazi ya antena, kwa hiyo bila waya simu nyingi hukataa kufungua stesheni.

Sasa, wimbi la mita 3 ni dogo sana mbele ya mlima. Wimbi hukizunguka vizuri kitu kisichouzidi sana urefu wake. Nguzo ya umeme au mgomba halitaona shida kuvipita. Lakini Meru ina mita 4,562 na Kilimanjaro mita 5,895, na nyuma ya milima hiyo wimbi la FM linaacha kivuli karibu kama jua linavyoacha. Kwa hiyo mnara ulioko mjini Arusha unapata taabu kumfikia mtu wa Longido, upande wa pili wa Meru. Huko Rombo, mashariki ya Kilimanjaro, watu wengi wamezoea stesheni za Kenya, kwa sababu minara ya Kenya iko upande wao wa mlima na ya Moshi na Arusha iko upande mwingine.

Hata pasipo na mlima, dunia yenyewe ni duara na inajikunja. Mafundi mitambo wana hesabu yao nyepesi: chukua kimo cha mnara kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Mnara wa mita 100 kwenye tambarare unafika kama kilomita 41, baada ya hapo ardhi inaanza kuufunika. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Uchukue mtambo huohuo uupandishe kwenye kilima kilichoizidi tambarare kwa mita 900, unapata kilomita 123. Fundi anayepanda mlimani na nyaya begani anatafuta kimo, maana kuongeza umeme hakuwezi kuuondoa mkunjo wa dunia.

Lakini kwa nini mahubiri hayakuchanganyika na habari? Kwa nini yalipokezana? Hapa ndipo FM inapopendeza kuliko kote.

Katika redio ya AM, sauti hubebwa na kimo cha wimbi: mtangazaji akipaza, wimbi linanenepa, akinong'ona, linakonda. Katika FM, kimo hubaki palepale, na sauti hubebwa na kasi ya mtikisiko, inayoongezeka na kupungua kidogo. Mmarekani Edwin Howard Armstrong alipata hataza za mfumo huu mwaka 1933, akipambana na mikwaruzo. Radi ikipiga inaharibu zaidi kimo cha wimbi, na redio ya FM haisomi kimo. Wakati wa masika hilo unaliona mwenyewe: AM inapasuka kila umeme unapomulika, FM inaendelea kuimba.

Faida hiyo inakuja na tabia moja. Stesheni mbili zikikutana kwenye masafa yaleyale, redio ya FM humshika mwenye nguvu zaidi na kumnyamazisha mwenzake. Kule njia panda ya KIA nguvu za minara miwili zilikuwa karibu sawa, kila kona ya barabara ikimpa mmoja ushindi. Ndiyo sababu redio moja ikitaka kusikika mikoa mingi hupewa masafa tofauti kila mkoa, na mtangazaji anasoma orodha ndefu: Arusha namba hii, Moshi namba ile, Tanga nyingine.

Na pale pale KIA, rubani na mwongoza ndege wanazungumza kwa AM, kati ya megahezi 118 na 137. Marubani wawili wakiita kwa pamoja, mwongoza ndege anasikia muungurumo wa sauti mbili na anajua kuna mtu amefunikwa. Kwa FM, yule mnyonge angezimwa bila mtu kujua kama aliita.

Jambo jingine dogo: ukiwa kwenye foleni mjini, sauti ikafifia, kisha gari likasogea hatua mbili na sauti ikarudi, redio yako si mbovu. Wimbi moja limekuja moja kwa moja kutoka mnarani, jingine limegonga jengo au mlima likarudi likiwa limechelewa, na hapo uliposimama yanauana. Sogea mita moja, yanasaidiana.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii ya mnara usiofika. Miaka ya sitini studio ya Sauti ya Injili mjini Moshi ilirekodi vipindi vya Kiswahili kwenye kanda, kanda zikapelekwa Addis Ababa, na kutoka huko Radio Voice of the Gospel ikavirusha kwa masafa mafupi, hadi serikali ya Ethiopia ilipoichukua stesheni mwaka 1977. Kipindi kilitoka Moshi, kikaenda Ethiopia, kikarudi Moshi kwa kupitia angani. Kiliwezekana kwa sababu kilomita mia kadhaa juu yetu kuna tabaka za hewa iliyochajiwa na jua, na mawimbi ya masafa mafupi yakigonga kule hurudishwa chini mbali sana. Mawimbi ya FM huzitoboa tabaka hizo yakaenda zake.

Masafa ya kati, yale ya redio ya AM, nayo yana mchezo wao. Mchana tabaka ya chini huyameza, na kinachokufikia ni kile kinachotambaa ardhini tu. Jua likizama, tabaka ile inatoweka, na mawimbi yanapata njia ya kufika juu na kurudi. Kama kuna redio ya zamani nyumbani yenye swichi ya AM, iwashe saa tatu usiku, zima taa za umeme zinazotia mkwaruzo, kisha zungusha kitufe polepole sana. Utakutana na lugha usizozijua. Sauti itapanda, itazama, itapanda tena, bila wewe kugusa chochote: tabaka ile ya juu haitulii.