Je, wajua kwa nini msitu mpya wa Pemba hauwezi kuota bila Ngezi?

Barabara itokayo Konde kwenda Makangale hupita katikati ya Msitu wa Ngezi, na hapo mikarafuu na migomba huacha nafasi kwa miti mirefu inayozuia jua. Msitu huo ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1959. Wengi huuliza kwa nini wataalamu huushughulikia sana, ilhali miche ya mivinje ingeweza kupandwa popote na kukua haraka.

Jibu linaanzia kwenye asili ya kisiwa. Pemba imetenganishwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, na kwa sababu hiyo baadhi ya viumbe vyake havipatikani kwingine kokote duniani katika hali ya asili, ukiwemo mpapindi, ambao ni jamii ya mitende, na kihodi, yule bundi mdogo. Katika karne ya 19 misitu mingi ya Pemba ilifyekwa kupisha mikarafuu, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki tegemeo la zao hilo. Ngezi ilisalimika kwa kiasi fulani kwa sababu sehemu kubwa ya udongo wake ni mchanga usio na rutuba ya kilimo. Mbegu za mpapindi zikitoweka Pemba, hakuna msitu mwingine wa asili wa kuzichukulia, na hata kuziweka akiba si rahisi, kwa kuwa mbegu za miti mingi ya msitu wa mvua hufa zikikaushwa. Miti mikongwe iliyo hai ndiyo ghala lenyewe.

Mvule unaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mti huu una dume na jike, kila mmoja ukisimama peke yake, kwa hiyo mvule jike ulioachwa shambani bila dume karibu hauwezi kuzaa mbegu za kuotesha. Ukipandwa peke yake kwa safu, hukabiliwa na mdudu mdogo aitwaye Phytolyma, ambaye makinda yake hujichimbia kwenye machipukizi na kuyafanya yavimbe na kuoza hadi ncha ya mche ikafa. Mashamba mengi ya mivule yaliyojaribiwa Afrika Magharibi yaliharibiwa hivyo, na watafiti wameona kwamba miche iliyochanganywa na miti mingine, chini ya kivuli kiasi, husalimika zaidi. Kivuli hicho hakinunuliki kitaluni.

Kuna pia suala la usafirishaji wa mbegu. Popo wa Pemba, mwenye mabawa yanayokaribia mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha, hula matunda usiku, hutema makapi, na humeza mbegu ndogo kama za mikuyu, ambazo huanguka na kinyesi chake mbali na mti mama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba wamebaki mamia tu kwa sababu ya uwindaji na ukataji wa miti. Vijiji kama Kidike vilipoanza kulinda mahali wanapolala, hali ilibadilika, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwakadiria kuwa takriban 20,000. Wengi hulala kwenye miti mikubwa ya makaburini, ambayo watu hawathubutu kuikata. Kwa maoni yangu, heshima hiyo kwa wafu imesaidia misitu kuliko mabango mengi ya hifadhi.

Kwa hiyo upanuzi wenye tija huanzia ukingoni mwa msitu uliopo na kwenye vipande vya kale vilivyosalia, ambako mbegu hufika zenyewe. Kwenye ardhi ya maweni, yaani ya mawe ya matumbawe, vichaka vilivyokatwa kuni huchipua tena kutoka kwenye visiki vikiachwa kwa miaka kadhaa, na kazi ya binadamu huwa ni kuzuia panga na moto tu. Mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili), ulioanza mwaka 2010, ulizisaidia shehia, yaani vitengo vidogo vya utawala, za Unguja na Pemba kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao kwa njia ya namna hiyo, ikiwa ni pamoja na kutenga maeneo ya kuvuna na ya kuacha. Upandaji hubaki na nafasi yake: mivinje na miti mingine ya haraka ikipandwa kwa ajili ya kuni na nguzo karibu na makazi, shoka hupata pa kwenda bila kuingia Ngezi.