Buibui kaa: rangi si spishi

Miombo ikichanua, simu yangu hujaa picha za buibui kaa. Warina asali wa Sikonge na Urambo, wanafunzi wa Tabora mjini, hata walimu wa baiolojia: "Daktari, huyu ni spishi mpya, wa jana alikuwa mweupe, huyu wa njano." Jamani!

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayonichosha. Jike wa Misumena vatia, buibui kaa wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, hugeuka kutoka mweupe kuwa wa njano na kurudi tena kufuatana na ua alilokalia. Humchukua siku kadhaa. Anayefuata rangi atampa mnyama huyohuyo majina mawili, halafu sisi tunaoainisha buibui tubaki kuyafuta.

Kinachotenga spishi ni viungo vya uzazi. Kwa dume tunatazama vipapasio, vile viungo viwili kama vijiguu karibu na kinywa: vijiba vya pingili ya tibia na kijisindano kinachopitisha mbegu. Kwa jike ni epijini, yaani bamba la uzazi chini ya tumbo, na vifuko vya mbegu vilivyo ndani yake, ambavyo havionekani mpaka epijini ikatwe, isafishwe nyama na kuwekwa chini ya hadubini. Picha ya mgongo haisaidii, hata simu iwe na kamera tatu. Nileteeni buibui mwenyewe ndani ya ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 (gongo haihusiki hapa, acheni utani), na humohumo kichupani kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, ua gani, nani kamkamata. Wino wa kalamu huyeyuka. Kichupa kisicho na kikaratasi sikipokei.

Ndiyo maana pia nacheka nikiambiwa sampuli za makumbusho zilizopauka hazina kazi. Ethanoli hula rangi, kweli, lakini epijini ni gamba gumu. Hukaa zaidi ya karne na umbo lake lilelile. DNA ya sampuli kuukuu mara nyingi imekatikakatika, ndiyo maana umbo hilo lina thamani. Na jina la spishi limefungwa kwenye sampuli-aina, ile aliyoichagua mtoa jina. Anayetaka kuhamisha spishi ya Afrika kwenda jenasi nyingine (kundi la spishi zenye undugu) lazima aifuate sampuli hiyo ilipo, na nyingi zipo Ulaya, kwa mfano kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

"Basi aliyetoa jina la kwanza alikosea?" Si lazima. Mwaka 1757 Clerck, mtaalamu wa buibui wa Uswidi, alimwita buibui wetu Araneus vatius. Jenasi ikabadilika, jina la pili likabaki (mwisho wake tu ukafuata jenasi mpya), naye Clerck akaingia mabanoni: Misumena vatia (Clerck, 1757). Heshima yake ipo.

Yule mdogo mgongoni mwa jike si mtoto. Ni dume. Wachukueni wote wawili, kichupa kimoja, maana kuna madume na majike wa spishi moja waliopewa majina tofauti kwa kukosa ushahidi huo.

Na warina asali mnaoniuliza: hapana, hawamalizi nyuki wa mizinga. Buibui kaa huvizia kwenye maua, nyuki mmoja mmoja. Hangaikeni na siafu na nyegere.